Kofia ya Kefa Katikati ya Mibuni

Sogeeni karibu, nyote, na huo mlango uacheni wazi nipate hewa. Yunisi binti yangu, niinue kidogo, uniwekee kitu mgongoni, hukutoka Tunduma na mimba hiyo kuja kunitazama nikikoroma. Tabita mkwe wangu, acha kufagia, pamefagiliwa vya kutosha, keti nikuone. Na wewe Enoka, mwanangu wa kwanza, nyapara wa mzungu, usisimame hapo na kofia mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Itundike msumarini. Pumzi iliyonibakia ni ndogo na sitaki kuimaliza kwa kukubembeleza uketi.

Ya mali ni mafupi. Mibuni yangu ya hapa kijijini Ruanda na nyumba hii ni vya Enoka na Tabita kwa pamoja, nimesema kwa pamoja, wazee wa kanisa wamesikia, asije mjomba yeyote baada ya matanga kujifanya hakusikia. Mbuzi ni wa Yunisi, hata yule beberu mkorofi, na asiulizwe atawafikishaje Tunduma, hilo ni lake na mumewe. Chungu changu kikubwa apewe Tabita. Basi, mali imekwisha, mnaona ilivyo kidogo, na bado watu hukonda kwa ajili yake.

Sasa sikilizeni lile linalonikalia kifuani. Mliambiwa baba yenu alianguka kazini akafa, Mungu alimpenda zaidi. Hiyo ni habari ya kuwaambia watoto, na nyinyi mlikuwa watoto, Yunisi hata meno hujamaliza kuota, Enoka uko shuleni misheni. Leo mtaisikia yote.

Kefa niliyeolewa naye alikuwa mtu wa kucheka. Loo, alicheka yule mwanamume! Alicheka mbele ya wakwe mpaka mama yangu akaniuliza kama ana akili timamu. Kisha mzungu akaja, akafyeka msitu, akapanda kahawa, akamchagua Kefa awe nyapara kwa sababu ya urefu na sauti, akampa kofia ile ya kaki mnayoiona msumarini. Tukafurahi, wajinga sisi, nikaifua na kuikunja kama nguo ya ubatizo. Hatukujua kwamba kazi yenyewe ni kusimama katikati, juu anatukana mmoja, chini wananuna wengi.

Kila asubuhi sahani ya plau, lile chuma la jembe la kukokotwa walilolitundika liwe kengele, ilipogongwa na majina kuitwa, bwana alimsimamisha Kefa mbele ya watu wote na kumfokea: kahawa mbichi imechanganywa na mbivu, magugu hayajaisha, watu wachache, wewe ni nyapara au kikaragosi? Naye akajibu, ndiyo bwana. Akamezea. Akigeuka tu, anawamwagia wachumaji yale yale aliyomwagiwa, na zaidi kidogo. Jioni akirudi ananawa mikono, anakaa mbele ya ugali mpaka unapoa, nikimuuliza ananiambia si kitu. Si kitu! Akilala anasaga meno hadi naamka. Kucheka kukaisha, kukaja kufoka, na kufoka nako kukaisha, kukaja kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Hapo ndipo alipojifunza kuchutama. Alikuwa akijificha kati ya mistari ya mibuni, amechutama, kofia tu inachungulia juu ya majani, awakamate wanaong'oa mbichi ili debe lijae upesi. Watu wakaijua kofia ile kuliko sura yake. Ikionekana, mazungumzo yanakatika, wimbo unakatika, hata kikohozi kinamezwa.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya msimu, mbivu zimejaa hadi matawi yameinama, lori la kupeleka kahawa Mlowo linasubiriwa. Asubuhi hakutia kitu kinywani. Bwana alimfokea kupita siku zote, akamwambia akiona mbichi hata moja katika debe atamfukuza na kunifukuza mimi na watoto. Kefa akaingia mibuni. Kule ndani kifua kikamshika, akapiga magoti, akaegemea mti, na kofia ikanaswa na tawi, ikabaki pale pale juu ya majani.

Raphaeli, mmoja wa wachumaji, ndiye aliyeiona kwanza. Akawakonyeza wenzake, yuko pale, amechutama. Basi wanangu, watu wakanyamaza! Wakachuma kwa adabu, mbivu tupu, punje moja moja, na hakuna aliyethubutu kuupita mstari ule. Jua likapanda, jua likashuka, kofia haisogei, wakanong'onezana kwamba leo nyapara amekaza kweli kweli. Jioni kahawa ikapimwa, na bwana, ambaye hakuwahi kusifu kitu, akasifu. Leo safi, akasema, nyapara wangu yuko wapi? Ndipo walipoenda kumtazama.

Alikuwa ameshapoa. Na hakufa mara moja, sikieni vizuri, kwa maana mimi ndiye niliyemwosha. Kucha zake zilijaa udongo. Alikwaruza ardhi pale chini, watu wakiwa karibu naye kiasi cha kusikia kikohozi, na kama kuna mchakacho wa majani uliosikika, walidhani ni nyapara anajisogeza awaone vizuri. Kefa wangu alikufa katikati ya watu wanaomwogopa, na siku hiyo ikawa siku ya kahawa nzuri kuliko zote.

Niliwachukia wale wachumaji. Nilipita njia nyingine nisiwaamkie. Chakula kikanikataa, nikaanza na mimi kusaga meno, naam, yale yale ya baba yenu, nikajua safari hii ni yangu. Kisha Raphaeli akaja hapa, mchana, mbele ya majirani, ameshika kibuyu cha maji. Akasema, mama Enoka, niliiona kofia, nikaogopa, na kusema kweli nilimchukia mumeo, nikafurahi kwamba anachomwa na jua. Akatia maji kinywani, akayapuliza chini, pfuu, kama walivyofanya wazee wetu wote, maana hasira ya mtu ikikaa ndani bila kusemwa huugua yeye na huugua nyumba. Nikamtukana. Nikamtukana mpaka sauti ikakauka, naye amekaa tu anasikiliza. Halafu nikakichukua kibuyu na mimi nikapuliza. Usiku ule nilikula viazi na nikalala. Wazee wa kanisa waliniuliza ni mambo gani hayo ya kishenzi, nikawaambia kama kitabuni kuna wimbo wa namba yoyote unaofanya kazi hiyo, wanionyeshe nami nitauimba.

Yunisi, maji. Kidogo tu, ulowanishe midomo. Ahsante mama.

Enoka. Niangalie mimi, usitazame ukuta. Ulipoitwa kushika kazi ya baba yako nilikukataza, ukasema mama, zamani na sasa ni tofauti. Haya. Mbona ugali wako unapoa? Mbona nasikia meno kupitia ukuta huu? Mbona Tabita mkono wake umevimba na ananiambia alijigonga kwenye kinu, mimi niliyetwanga maisha yangu yote sijawahi kuona kinu kinachomshika mtu kifundo? Tabita, usilie, na usimtetee. Na juzi Raphaeli, aliyezeeka na bado anachuma chini yako, alikuja kunijulia hali, akakaa muda mrefu, mwisho akaniambia, mama Enoka, mwanao ameanza kuchutama.

Hapo ndipo niliposhindwa kufa. Nilikuwa tayari, nikasema, ngoja.

Nisikilize basi, mtoto wangu. Bwana akikuambia lisilowezekana, mwambie haliwezekani, mapema, kwa adabu, kabla hujalibeba. Akikufukuza, una mibuni yako hapa, miti si mingi lakini haitukani mtu. Alichokufokea yeye kisifike kwa wachumaji, na kikifika huko bahati mbaya, kisivuke kijito kuja hapa nyumbani. Adhuhuri keti na watu wako, kula viazi vyao, wacha waimbe, hata wakikuimba wewe. Tembea wima kati ya mibuni, mwanangu. Wima! Mtu akianguka akiwa ameshazoeleka akitembea wima, watu hukimbia kumwinua.

Yunisi, kile kibuyu. Si cha kunywa. Mpe kaka yako.

Sema. Sitaki hotuba, huko mnakoitwa majina mnasikia hotuba za kutosha. Sema kilichomo... Kengele ile. Mnaisikia? Sahani yao ya plau. Mguu wako umeshanyanyuka, nimeuona, mama anakufa na mguu unanyanyuka. Keti, Enoka. Keti, baba.

Nini? Sikusikia. Inama... rudia.

"Nimechoka, mama."

Ah. Tabita, umesikia? Amechoka. Neno dogo hivyo, wanangu, ndilo baba yenu alilokwaruza udongo nalo akashindwa kulitoa. Puliza. Puliza yote, hata yakinilowanisha mimi. Sasa mpe mkeo kibuyu, na asemayo Tabita yasikilize mpaka mwisho, hata kama yatafika jioni, usimkate. Kesho umtafute Raphaeli.

Mambo ya kuzikwa... nizikeni asubuhi, wakati wa kengele, kila mtu achague mwenyewe atakapokuwa. Na kofia ile msiivae, msiigawe. Iwekeni kaburini, si kichwani, chini ya visigino vyangu, nataka niikanyage mpaka parapanda.

Mungu awape usingizi. Nilitaka kuwaombea mengi, sasa naona hilo... linatosha. Mle chakula kingali moto. Yunisi, uzazi wako uwe mwepesi. Tabita... mkono wako upone. Enoka...

Bado wanagonga? Waacheni wagonge. Mnifunike miguu, kuna baridi.