Mama Giza: Miaka Thelathini na Mmoja Nyuma ya Pazia Jeusi

Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, marehemu aliamka saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida yake. Akachemsha chai. Akakaa kwenye kiti cha dirishani, akatunga uzi kwenye sindano saba, akazichomeka kwenye kitambaa chekundu zinisubiri. Macho yangu yalianza kulikosa tundu la sindano miaka sita iliyopita. Tangu hapo kazi hiyo aliichukua yeye, kila asubuhi, bila kuombwa.

"Fundi, leo kuna nini?"

"Suruali ya mwalimu mkuu. Kiuno kimezidi."

"Kiuno chake au cha suruali?"

"Vyote viwili, Daktari. Vinashindana."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ile ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Mimi ni mumewe, fundi cherehani. Nimeambiwa wasifu huandikwa kana kwamba mwandishi hayupo. Nimejaribu, nimeshindwa. Shule niliishia darasa la tatu, mtanivumilia. Anayewasomea ni binti yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi saa, mama yake mkunga. Akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kukaa chini ya meza ya baba yake na kuokota skrubu zilizodondoka. Baba mkwe alikuwa akisema, "Huyu nimemzaa na macho ya sisimizi."

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Mwaka 1965 aliingia sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wa fizikia hakuwepo. Alijisomea kwa vitabu viwili, kimoja kikiwa hakina jalada. Mwaka 1972 alijiunga na chuo kikuu. Darasa lilikuwa na watu thelathini na wawili, mwanamke ni yeye tu. Septemba 1976 alipelekwa kusoma ng'ambo, na huko akatunukiwa udaktari wa fizikia tarehe 18 Juni 1983. Kuhusu miaka ile saba aliniambia jambo moja tu. Siku za Jumapili alikuwa akipiga ile namba ya simu inayotaja saa, ili asikie mtu anaongea.

Tarehe 1 Septemba 1984 aliajiriwa kufundisha chuoni. Utafiti wake ulikuwa juu ya mwanga na chembe za dhahabu. Nieleze nilivyoelewa mimi. Ukiifanya dhahabu iwe chembe ndogo sana, ndogo kuliko wimbi la mwanga wenyewe, inaacha kuwa ya njano. Ukiiweka kwenye maji, maji yanakuwa mekundu. Alinionyesha kichupa.

"Hii ndiyo dhahabu?"

"Ndiyo hiyo."

"Daktari, umeuziwa feki."

Mwanga ukiipiga chembe ya namna hiyo, vilivyomo ndani yake vinatikisika vyote pamoja, na chembe inang'aa. Lakini inang'aa kidogo mno. Kuiona kunahitaji chumba chenye giza kamili. Mwaka 1985 alipewa chumba namba sita, chini ya ardhi, kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Hakina dirisha, ila taa ya koridoni ilipenya mlangoni na pembeni mwa mabomba. Akamtafuta fundi wa kumshonea pazia jeusi zito la kuizunguka meza yake, kutoka dari hadi sakafu. Fundi huyo nilikuwa mimi.

Nilipomaliza kulitundika aliniambia, "Ingia. Kaa. Usiseme kitu kwa dakika ishirini, macho yazoee." Nikakaa gizani na mwanamke nisiyemjua. Nilisikia pumzi yake na saa yake ya mkononi. Dakika ishirini zilipotimia akaushika mkono wangu, akaunyoosha kuelekea ukingo wa pazia: "Pale panavuja. Na pale." Nilikuwa sioni kitu. Kisha nikaona. Nilirudia pazia lile mara nne, na kila mara tulikaa dakika ishirini. Mara ya nne hapakuvuja, lakini hakuna aliyeinuka.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987. Ndugu zake waliuliza msomi atazungumza nini na mshona nguo. Mara nyingi hatukuzungumza. Yeye alikuwa na mahesabu yake, mimi na cherehani yangu. Aliwahi kuniambia, "Duniani kuna watu kumi na mmoja wanaoelewa ninachofanya, Fundi, na hakuna hata mmoja anayekaa nyumba hii." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahesabu.

Mtaani walimwita Daktari, na siku moja jirani yetu mama wa pembeni akamleta mwanawe ana homa.

"Mimi si daktari wa watu, dada. Mimi ni daktari wa mwanga."

"Basi mwangalie macho."

Marehemu alivaa viatu akawasindikiza hadi zahanati, akakaa nao foleni mpaka mtoto akaonwa. Chuoni wafagizi walimpa jina jingine, Mama Giza. Alilipenda kuliko lile la Profesa, ambalo lilichelewa.

Kuchelewa kwake ndiko ninakotaka kukuzungumzia leo, maana wapo hapa watu wa chuo.

Mwaka 1991 nilimshonea pazia jipya. Kila mshono wa pazia lile ulitakiwa ukunjwe mara mbili, kisha uzibwe kwa utepe wa mpira, kwa sababu sindano huacha matundu. Utepe uliniishia. Ulibaki mshono mmoja wa chini, nyuma ya bomba, ambapo mtu hapaoni mpaka alale sakafuni. Nikauacha hivyo. Safari hii sikukaa zile dakika ishirini. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza.

Mwaka 1993 marehemu alitangaza kwenye jarida la wenzake kwamba chembe moja ya dhahabu ilitoa mwanga kuzidi mahesabu. Watu wa nchi mbili wakarudia jaribio, wasiupate. Akarudia yeye, akaupata. Miaka miwili walibishana kwa barua. Juni 1995 skrubu ilimdondoka, akalala sakafuni kuitafuta gizani, akaona vinukta vya mwanga vimejipanga mstari mmoja.

Aliandika barua kwenye jarida kuifuta kazi yake. Nakala ipo kabatini. Inasema: "Kosa ni langu. Sikukagua chumba changu." Fundi hakutajwa. Uprofesa uliokuwa umefika mlangoni ukarudi nyuma miaka kumi na mmoja. Mikutano ikaacha kumwalika. Mfagizi mmoja alinisimulia kuwa siku hizo Mama Giza alikuwa akila chakula cha mchana mle mle ndani ya pazia, peke yake.

Nyumbani alisema tu, "Pazia limechakaa, nishonee jingine." Nililishusha la zamani mwenyewe, nikauona mshono. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Tukaishi na kimya hicho miaka ishirini na saba na zaidi.

Sasa watu wa chuo mnisikie. Lile kosa la mwaka 1993 halikuwa lake. Lilikuwa la mkono wangu.

Yeye alianza upya. Mwaka 1999 alionyesha kwamba chembe mbili za dhahabu zikikaribiana bila kugusana, mwanga unajikusanya mahali pamoja. Nilidhani ni kwenye chembe. Akasema hapana, unakaa kwenye lile pengo la katikati. Kazi hiyo haikufutwa na mtu. Wengine wanaitumia kutafuta vitu vidogo kwenye damu ya wagonjwa. Aliwalea wanafunzi sita hadi udaktari, akapewa uprofesa mwaka 2006, akastaafu tarehe 30 Juni 2016. Siku ile alirudi nyumbani na pazia limekunjwa kwenye kikapu. Hakusema ni la nini. Lipo juu ya kabati.

Tarehe ile 2 Februari, saa tisa alasiri, kiharusi kilimpata jikoni. Mkono wa kushoto ulilala na jicho moja likazima. Alilazwa wiki sita. Maneno yalirudi polepole, akili haikwenda popote. Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Machi 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia.

Ameacha mume, binti mmoja ambaye ni muuguzi, mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja na wadogo zake wawili wa kike, na wanafunzi wake sita ambao ni watoto wetu pia. Sindano nne kati ya zile saba bado zina uzi. Sijazigusa.

Apumzike, macho yake yamefanya kazi ya kutosha.

Binti yetu ameniomba niandike na hili. Jumamosi, tarehe 11 Machi, hospitalini, nilianza kumwambia, "Daktari, lile pazia la mwaka tisini na moja…" Akanizuia kwa mkono mzima. Alitumia muda mrefu kuyatoa maneno, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Nilijua siku ileile. Mshono wako naufahamu. Nilivihesabu vile vinukta mpaka mwisho, vilikuwa arobaini na kimoja, halafu nikakaa dakika ishirini nyingine bila kuviziba. Usiniombe msamaha, Fundi. Miaka yote ile mle ndani nilikuwa peke yangu, na siku ile nikaona na wewe upo."