Mshale wa Lori la Kijiji

Mwaka wa sabini na sita, katika basi la Mlandizi, fundi Kondo alikaa nyuma ya watu wawili wasiomjua. Walikuwa wakizungumzia lori la kijiji cha ujamaa, lile alilolitoa injini ya petroli akalitia ya dizeli.

"Dereva Pazi kaiunguza injini kwa uzembe," alisema mzee mwenye kofia nyeupe. "Joto linapanda, yeye anatazama kanga za watu barabarani!"

"Baba, usimwonee," mama mwenye kikapu alimjibu. "Ameapa kwa msahafu kwamba mshale wa joto ulikuwa chini safari nzima."

"Mshale haudanganyi, mwanangu. Dereva ndiye hudanganya."

Kondo aliinamisha uso kama mkwe aliyekutwa jikoni. Alipobadilisha injini, geji za dashibodi, vile vipimo vya mishale, aliziacha zile zile za zamani, lakini kidude cha kupeleka habari ya joto kilikuwa cha injini mpya, na vitu hivyo viwili havikusikilizana. Aliunga waya, akaona mshale unacheza, wanakijiji wakampigia makofi. Hakujaribu kwa maji ya moto. Makofi hayapimi joto.

"Leo kamati inamhukumu," mama aliendelea. "Fundi kaitwa. Akisema geji ilikuwa nzima, Pazi hana kazi."

"Atasema kweli. Yule fundi ni mtu wa heshima."

Basi lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji. Wakashuka, bado wanabishana.

"Mjomba, si ulisema unashuka hapa?" utingo aliuliza.

"Mbele," alijibu Kondo.