Pima Tena, Mzee Aliyewanyima Bakteria Pa Kukaa

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa kazini, wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho, aliyeombwa awe mfupi na asiwachekeshe watu. La kwanza atajitahidi.

Marehemu, tuliyemzoea wote kwa jina la Pima Tena, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa injini na mama mshonaji. Inasemekana mkunga alimweka kwenye mizani, akataja uzito, na mtoto akalia mpaka akapimwa upya. Hayo ni maneno ya mama, na mama yetu alipenda kutia chumvi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Akiwa darasa la sita alirudi kwa mwalimu wa hesabu, daftari mkononi, akidai amepewa alama zisizo zake. "Mwalimu, pima tena." Mwalimu akapima, akampunguzia. Na kwa kuwa kalamu nyekundu ilikuwa imeshafunguliwa, akayarudia madaftari ya darasa zima. Jioni hiyo marehemu alifika nyumbani shati halina kifungo hata kimoja, na jina jipya juu. Aliendelea na sekondari, kisha chuo kikuu, akahitimu kemia mwaka 1975.

Mwaka 1977 mama alivunjika nyonga. Nyonga ilipona vizuri tu. Kilichomwondoa ni homa iliyotokana na mpira wa mkojo aliowekewa wodini: bakteria walijishikiza kwenye plastiki, wakajijengea utando, na dawa zikawa zinapita juu juu. Kaka alikaa kwenye ngazi za wodi, akatuuliza, "Yaani mama ameuawa na mpira?" Siku ya maziko akamwahidi mama kwamba hakuna mpira utakaoua tena. Tangu siku hiyo hakuwa na vita vingine duniani.

Alijiunga na maabara ya kiwanda cha vifaa vya hospitali, chumba chembamba chenye sinki la ufa na friji inayonguruma. Humo aliingiza mipira kwenye chombo kilichonyonywa hewa, akaipitishia umeme hadi ndani kukang'aa zambarau, kisha akaichovya kwenye dawa iliyoacha ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ilipenda maji. Ikilowa, ni utelezi mtupu. Bakteria akija anakuta maji, hana pa kushika. Ukimwita marehemu muuaji wa wadudu, mnakosana. "Mimi siui mtu," alisema. "Mimi nawanyima nyumba tu."

Mipira ya kwanza ya majaribio ilipelekwa wodini mwaka 1983. Kesho yake muuguzi mmoja mrefu aliingia maabara bila hodi, ameushika mpira kwa ncha za vidole.

"Nani katengeneza hiki kitu?"

"Mimi. Kwani bakteria wameshika?"

"Bakteria! Hata plasta haishiki! Naubandika pajani kwa mgonjwa, unachomoka kama sabuni. Mgonjwa mwenyewe anacheka, na ana mshono!"

Kumbe watu wa maabara, kwa furaha zao, walikuwa wameupaka mpira wote, mpaka sehemu ya nje ya kubandikia. Marehemu akafikiri kidogo, akasema, "Labda plasta ni mbovu. Pima tena." Muuguzi akakata kipande cha plasta ileile, akambandika nacho mdomoni. "Hapo je? Imeshika au haijashika?"

Marehemu aliwaambia wenzake kwamba hajawahi kuona jaribio safi kama lile. Kuanzia hapo kila mpira uliachiwa sehemu kavu ya kubandikia, kwa amri ya muuguzi, na tarehe 6 Oktoba 1984 wakafunga ndoa.

Ndoa hiyo ilikaribia kuvunjika kabla haijaanza. Wakwe walipokuja kumwona, marehemu alikuwa ameshapaka dawa yake viti vya plastiki vya barazani, eti visishike uchafu. Manyunyu yakapita. Baba mkwe akakaa, na hapohapo akajikuta sakafuni, kofia imemfunika macho. Akauliza kutoka hukohuko chini, "Kijana, unanikaribisha au unanifukuza?" Mungu amrehemu naye, alikuwa mtu wa subira.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mwezi Mei 2024 alilazwa, akahitaji mpira wa mkojo. Muuguzi wa zamu alipofungua pakiti, marehemu aliitambua kazi yake, akacheka mpaka mashine ya moyo ikapiga kelele. Halafu akamgeukia mkewe. Mkewe anasema hakuwahi kumwona na hofu kama ile. Alimshika mkono, akamwambia, "Huu ukishika bakteria, nitakuwa nimemdanganya mama."

Mpira ulipobadilishwa, kipande chake kilipelekwa maabara. Jibu likarudi: hakuna kilichoota.

"Haya, umesikia?" mkewe akamwambia. "Safi kabisa."

Sauti ilikuwa karibu imekwisha, lakini midomo ilionekana wazi: "Pima tena."

"Wewe mzee wewe!" Akalia, akacheka, akapeleka kipande kingine.

Moyo ulisimama alfajiri ya tarehe 2 Juni 2024, kabla jibu la pili halijatoka. Ni moyo, jamani, si mpira. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote wa wodi ile, hasa waliomvumilia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake huyu anayesoma, na viti vinne vya plastiki ambavyo mpaka leo, mvua ikinyesha, hakuna anayevisogelea.

Jana jioni, tukiwa tumekaa msibani, simu ya mjane iliita. Alisikiliza, akashukuru, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Ameagiza kaburi lisifukiwe kabla marehemu hajapewa jibu lake.

Basi kaka, wamepima tena. Hakuna kilichoshika. Mama hukumdanganya. Pumzika sasa kwa amani, na safari hii usibishe.