Siagi, Sabuni na Mwiko wa Marehemu

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha kushona viatu lina wenyewe: Karani, mpiga chapa mstaafu anayekijua Kiingereza cha zamani kuliko anavyowajua wajukuu zake, na Dobi, ambaye hakijui kabisa lakini habishiki. Asubuhi ile alikuja Fundi Mdogo. Ana mvi tayari, ila Mdogo tunamwita kwa sababu Mkubwa alikuwa baba yake, mwashi, aliyefariki juzi. Mkononi alishika barua ya Kiingereza kutoka kwa mhandisi mmoja mzee, mtu wa nje, aliyewahi kuwa bosi wa marehemu. Ndugu wameomba isomwe kesho mazishini. Tukammiminia kahawa, na siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba ni nyepesi.

— Mzee wangu, nisomee. Nisije nikasimama mbele ya watu nikamtukana baba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Karani akavaa miwani, akafasiri neno kwa neno.

— "Baba yako hakuwahi kumpaka mtu siagi. Sabuni laini hakuwa nayo."

— Basi! akadakia Dobi. Anasema marehemu alikuwa mchafu! Mimi nimemfulia miaka ishirini, kola zake nazijua. Uongo mtupu!

— Na siagi je? nikauliza.

— Uchoyo. Eti alikula mkate wake peke yake. Labda waligombana kwenye chakula huko kazini, na huyu kinyongo hakijamtoka mpaka leo.

— Hebu tulia, Dobi, akasema Karani. Kwa wazee wa kule, kumpaka mtu siagi ni kumsifu ili upate kitu. Na sabuni laini ni hivyo hivyo. Sisi tunasema kumvisha kilemba cha ukoka.

Fundi Mdogo akashusha pumzi.

— Hapo kweli. Baba hakuwa mtu wa sifa. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, hata "vizuri" sijaisikia. Mstari wa matofali ukipinda kidogo tu, anausukuma kwa mguu. Endelea, mzee.

— "Lakini akikutaja wewe, mwanawe, alipaka kwa mwiko."

— Mwiko wa kujengea?

— Huo huo. Yaani sifa alizipaka nene, kama plasta.

Dobi akaweka kikombe chini.

— Nene kupita kiasi? Si ndiyo kilemba cha ukoka tena?

Karani akasita.

— Wao hulitumia hivyo. Sifa zilizozidi ukweli.

Nilitamani Dobi angefunga mdomo. Fundi Mdogo alikuwa akiitazama mikono yake.

— Kwa hiyo hata aliponisifu, alidanganya.

— Labda alikuwa anakuokoa, akasema Dobi, akijaribu kutengeneza. Labda walitaka kukufukuza. Labda hata barua ya kufukuzwa ulishaandikiwa...

— Dobi! nikamkemea.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja ambaye hatukumjua, mguu mmoja peku, akingoja nimalizie soli yake.

— Samahanini. Huyu kaka alikuwepo akisifiwa?

— Hakuwepo, akajibu Karani.

— Na marehemu aliwahi kumwambia?

— Hata siku moja, akasema Fundi Mdogo.

— Sasa mtu anavishwaje kilemba naye hayupo?

Karani akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi, kisha akairudisha puani.

— Kuna mstari umebaki. "Siku moja alinitoa mezani kwangu, akanivuta mpaka kwenye ukuta wa stoo, akaniambia: utazame, huo ni wa mwanangu."

Fundi Mdogo akainua uso.

— Ule ukuta aliubomoa mara mbili. Mara ya tatu aliuangalia tu, akaondoka bila neno. Mimi nikadhani amenichoka.

Akalia hapo hapo, waziwazi, nasi hatukumzuia. Kahawa ikapoa. Alipomaliza, akajifuta uso kwa kiganja.

— Mzee wangu, niandikie kwa lugha yetu, nikaisome mwenyewe.

— Na hapo pa mwiko niandikeje?

— Andika mwiko. Watakaombeba kesho ni waashi.