Kovu Langu Si la Risasi

Bwana asifiwe! Haya, asanteni, ketini. Msiitike kwa nguvu sana, ngojeni kwanza mnisikilize, kwa sababu leo sikuja kuwafurahisha. Nimechoka. Nimechoka na mimi mwenyewe, na mnisamehe, ndugu zangu, nimechoka kidogo na ninyi pia.

Mnanijua. Mimi ni Kambale, mtoto wa yule mama anayeuza viazi vya Masereka pale sokoni. Miaka miwili iliyopita nilitoka jeshini, nikasimama hapa hapa mbele yenu, nikakunja shati na kuwaonyesha kovu hili la mkononi. Nikasema ni risasi. Nikasema ilikuwa inakuja kifuani, Bwana akaigeuza ikapita mkononi. Mkaruka! Mkapiga vigelegele! Mama mmoja alileta watoto wake watatu waliguse wapate baraka. Hata muganga wetu wa dispensaire, mtu anayefunga vidonda kila siku, aliligusa akatoa machozi.

Ndugu zangu, ni maharagi.

Ndiyo, maharagi! Mimi sikupigana vita hata siku moja. Nilikaa kambini miezi mitano tu. Niliingia kwa sababu nilianguka examen d'État, ule mtihani wa kumaliza shule, na kwa sababu upande wa Beni watu walikuwa wanauawa mashambani mwao, na mimi nimekaa nyumbani nakula viazi vya mama. Nilifikiri nitarudi mwanaume. Wiki ya tatu komanda akauliza nani anajua kupikia watu wengi. Mimi nilikuwa nimezoea kusaidia kwenye harusi na matanga, nikanyoosha mkono kama mjinga. Basi, ujeshi wangu ukaishia hapo. Filimbi ikipigwa, wenzangu wanakimbia na bunduki, mimi nakimbia na kuni. Siku moja nikawa nateremsha sufuria kubwa motoni, mguu ukateleza kwenye matope, mchuzi wa maharagi ukanimwagikia kutoka kiwiko hadi begani. Ngozi ikajikunja. Daktari akasema mkono huu hautanyooka vizuri tena, nirudi kwetu.

Sasa uongo ulianzaje? Jumapili ya kwanza, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akauliza, "Ni risasi?" Niliangalia chini kwa haya. Yeye akapiga kelele: "Aksanti Yesu! Risasi ilimupita!" Kabla sijafungua kinywa nimeshaitwa mbele. Nikaona nyuso zenu. Ndugu zangu, tangu nilipoanguka ule mtihani hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia namna ile. Nikafungua kinywa, vita vikatoka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi! Ilitoka Butembo ikafika Lubero, ikafika Beni, na kila mahali walinipikia kuku. Hapa kwetu adui wa hadithi yangu walikuwa watatu. Tulipofika commune ya Ruwenzori, kule Beni, walikuwa wamekuwa kikosi kizima, na mimi nina Agano Jipya mfukoni. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mtu anasema mambo ambayo hata mtoto wa shule angeyakataa, na ninyi "Amina! Amina!" Kwa nini hamkuniuliza hata swali moja?

Na jeshi lilinifundisha mambo ya kweli. Mpaka leo naamka kabla ya jogoo, natandika kitanda, nakula haraka mpaka mama anauliza nani ananifukuza. Sikimbii tena kazi chafu. Hayo ningeweza kuyashuhudia bila aibu. Mais nani atanilipia pikipiki niende Beni kusema Mungu amenifundisha kutandika kitanda?

Basi, Mungu akanishika mahali nisipotazamia. Mwezi uliopita dada yangu Kahindo, huyu anayeimba pale mstari wa pili, alikuja jikoni akaniambia ameandikisha jina jeshini. Na lori lenyewe linakuja kuwachukua kesho hii, asubuhi.

Nikamwambia, "Kahindo, hapana kwenda. Kule batu banakufa."

Akatabasamu. "Yaya, kaka yangu, Mungu mwenye aligeuza risasi yako, yangu ndio itamushinda?"

Jibuni hapo, ninyi mnaojua Biblia! Dada yangu anaenda kusimama mbele ya risasi za kweli, na imani yake yote ameijenga juu ya sufuria yangu. Nikamwambia ukweli siku ile ile. Nikamwonyesha mkono, nikamweleza matope, mchuzi, daktari, yote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Maharagi? Yaya, unasema vile sababu miye ni mwanamuke. Ni mama amekutuma!"

Mama naye amekaa pale na kisu cha viazi mkononi, anamwita Mungu kwa lugha yetu tu, "Nyamuhanga! Nyamuhanga!" Hata yeye hakujua amwamini Kambale yupi, wa jana au wa leo. Nilirudia kila siku wiki nzima. Kadiri nilivyosema, ndivyo Kahindo alivyozidi kuniona mwenye wivu.

Nikaona ukweli huu hauwezi kusemwa jikoni. Lazima usemwe pale uongo uliposemwa. Nikaenda kwa Pasta. Pasta, samahani, nasema mbele yako. Alinikaribisha, akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Kambale, ule ushuhuda ulisaidia bavijana sana. Sasa tukisema ni bongo, kwamba ulidanganya, batu batabaki na nini? Donc wacha, Mungu anajua." Nilikwenda mara tatu! Mara ya tatu nikamwambia ukininyima mimbari nitasimama sokoni, juu ya meza ya mama. Ndipo akakubali. Nampenda Pasta wangu, lakini siku ile nilikaribia kulia kwa hasira.

Na kuna jambo lingine. Kambini nililala mkeka mmoja na kijana wa Lubero. Yule alikuwa anaomba kweli. Mimi nikiamka kuwasha moto, namkuta ameshapiga magoti. Lile Agano Jipya nililojiwekea mfukoni katika hadithi yangu lilikuwa lake. Asubuhi moja walipelekwa vitani na lori. Kabla hajapanda alinyoosha sahani aongezewe maharagi, nikamkatalia, nikamwambia wengine bado. Jioni walimrudisha chini ya turubai. Sikuwahi kumtaja popote, ndugu zangu, wala Lubero kwao, wala Beni, kwa sababu habari yake haina haleluya mwishoni. Mungu alikuwa wapi? Sijui. Najua tu kwamba yule kijana alimwamini kuliko mimi, na mimi ndiye niliyerudi kula kuku.

Kahindo, niangalie. Mimi sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, na sababu zako za kwenda ni nzuri kuliko zangu. Lakini usipande lile lori kwa ajili ya risasi ambayo haikuwako. Mungu hakugeuza kitu mbele yangu. Akikulinda, namsifu. Asipokulinda, sitakuwa na neno la kumwambia mama, maana ni mimi niliyekudanganya. Ukienda, nenda na imani yako mwenyewe. Yangu usiichukue, dada yangu, yangu ilikuwa ya uongo.

Amesimama. Mwacheni aseme.

"Miaka mbili, yaya! Miaka mbili uko unatudanganya mbele ya Mungu! Na miye niko nafunga, naomba, nasema nitakuwa sawa na wewe!"

Ndiyo, Kahindo. Miaka miwili.

Mpisheni. Mama, usimshike, mwache apite. Mlango uko wazi.

Bwana asifiwe! Mbona mnaangaliana? Hamkuona? Kule jikoni alinicheka. Leo amekasirika, donc leo ameniamini!

Namshukuru Mungu aliyevumilia kusifiwa miaka miwili kwa kazi ambayo hakuifanya, na hakuniangusha. Wasingya, asante Bwana! Ameniokoa na kinywa changu, na hiyo ndiyo risasi pekee aliyonigeuzia. Na wewe uliyekaa hapo na ushuhuda uliotiwa viraka, mwamini Bwana. Mpelekee mambo yako jinsi yalivyo, hata kama ni sufuria tu, hatakufukuza. Mimi hajanifukuza.

Kama Kahindo ataenda kesho au atabaki, sijui bado. Pasta, tafadhali msiimbe kwanza, Kahindo hatanisikia nikimwita. Nipisheni na mimi. Kahindo! Kahindo, ningojee!