Mwalimu Ebenezer na Wimbo Usiofika Same

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha muziki hapa chuoni Same, Mwalimu Ebenezer Mvungi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Katika muda huo wote bendi ya wafanyakazi imefanya mazoezi ya wimbo mmoja wa jazi. Mmoja tu, jamani, na hatujawahi kuumaliza. Hongera sana, Mwalimu.

Sababu ni uchambuzi. Kwake, mtu haruhusiwi kubuni muziki wake papo hapo kabla hajajua kila kodi, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, inatoka wapi na inakwenda wapi. Alitufundisha kwa mfano wa safari ya barabara kuu: kodi ya pili ni Hedaru, ya tano ni Makanya, ya kwanza ni Same, nyumbani. Anayetaka madoido aiache Makanya, azunguke milimani, mradi ateremkie Same. Godwin wa besi, mzaliwa wa Hedaru, hadi leo ana kinyongo kwamba kwao ni pa kupita tu.

Mtu akipotea, Mwalimu hunyanyua mkono, muziki husimama, uchambuzi huanza upya. Busara hiyo hakuiacha nyumbani hata siku ya harusi kule Lembeni. Bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, Godwin akateleza, mkono ukapanda. Bibi harusi akasimama mlangoni na shela lake, akipewa somo la kodi ya tano mpaka pilau ikapoa. Somo lile nalikumbuka vizuri, maana bibi harusi nilikuwa mimi.

Haya, tuseme na ukweli. Mwaka jana umeme ulikatika mazoezini, kinanda cha Mwalimu kikanyamaza. Agatha akaendelea na tarumbeta peke yake, akibuni, na kila kodi tuliisikia ikipita ingawa hakuna aliyeipiga. Mkono wa Mwalimu ulibaki mapajani. Umeme ukarudi kabla Agatha hajafika mwisho, na Mwalimu, bila haya, akatuambia tuanze upya.

Asante, Mwalimu. Tutakukumbuka mno, na inatuuma. Leo wimbo ule umo kwenye ratiba, baada ya keki. Nyanyua mkono upendavyo. Tumekubaliana kutazama dari. Ila tukifika Makanya tutasimama wenyewe, bendi nzima kimya, hadi uketi kwenye kinanda. Kodi ya mwisho tumekuachia wewe. Tufikishe Same kwanza, ndipo uende zako kwenu Kighare, kwa heri na afya tele.

Dorkas Mchome, kwa niaba ya bendi