Kiti Kisichokunywa Dawa: Mzee Nderitu Mwai wa Gatitu, 1961–2025

Marehemu Mzee Nderitu alizaliwa Gatitu tarehe 14 Machi 1961, kitinda mimba wa marehemu Mzee Mwai na Mama Ngendo. Alisoma hadi darasa la saba. Karo ikawa taabu, naye hakuipenda hisabati kiasi cha kuililia.

Mwaka 1979 alianza kujifunza kutengeneza viti vya henzirani mjini Nyeri. Fito za mmea huo alizilainisha kwa mvuke wa pipa ili zipindike, kazi ya polepole iliyotaka kuni nyingi na subira.

Alifunga ndoa na Murugi tarehe 6 Desemba 1986. Kifungua mimba wao alipewa jina la nyanyake, Ngendo. Kwa hiyo babake alimwita Maitu, yaani mama yangu, tangu akiwa mchanga wa kunyonya.

Hoteli za Nanyuki zilipoanza kutaka viti vya haraka, marehemu aligeukia amonia, dawa kali ya kulainisha fito. Fito zilizolowekwa humo zilipindika kama tambi, na karakana nzima ikawa inakohoa. Mkewe alimuuliza, "Baba Ngendo, hii dawa inalainisha fito ama ni wewe inamaliza?" Alicheka tu. Tuseme ukweli, mzee alikuwa mgumu. Mwaka 2019 Ngendo aliibeba mitungi yote ya dawa akairudisha kwa aliyeiuza. Mzee akanunua mingine, na hakumwita Maitu tena. Alimwita Ngendo, kama mtu wa mbali, na binti aliumia sana.

Mwaka 2023 daktari alisema mapafu yamekakamaa na hayatarudi. Marehemu aliiacha dawa, akawasha tena moto chini ya pipa. Agosti iliyopita alifika Naro Moru, alikoolewa Ngendo, akiwa na kiti kimoja. Alisimama langoni kwanza, akitafuta pumzi. Mkono mmoja wa kiti ulikuwa umepinda vibaya, maana nguvu zilishamwisha.

"Maitu," akasema, "kaa hapa. Hii kiti haijakunywa dawa."

Ngendo alikaa, akalia kwa furaha.

Mzee alituacha nyumbani Gatitu, Jumapili tarehe 9 Februari 2025. Ameacha mjane wake Murugi, mwanawe Mwai, mjukuu wake Wakonyo, na bintiye Ngendo, ambaye leo ameketi mbele yetu katika kiti hicho.

Mungu ampe mzee wetu pumziko, na pumzi tele.